Mdoli Mwenye Jani la Sale

Hebu nikuulize wewe unayenisikiliza: ulishawahi kumwona baba yako akiomba msamaha? Sema kweli. Sisemi ile ya kukohoakohoa na kuleta nyama nyumbani ili mambo yaishe. Nasema kuomba kabisa, mkono umenyooka. Wenzangu wa umri wangu jibu lenu nalijua. Baba zetu hawakuwa watu wa kazi hiyo. Basi mimi wangu nilimwona, tena akiomba kutwa nzima, na mwenyewe yuko shambani anapalilia kahawa, hana habari.

Nimekumbuka haya juzi kwa sababu ya mjukuu wangu Neema. Huyu anasomea ufundi, na hapa kwetu Sombetini hakuna kitu kinachoharibika kikafika jalalani, anakidaka njiani. Alichukua feni mbovu akaitoa mota, akachukua maboksi ya sabuni, akakatakata, akagundisha, sasa kuna kuku wa boksi juu ya meza yangu ya chakula. Akaniambia, "Bibi, bonyeza hapo." Nikabonyeza. Jamani! Kuku wakaanza kudonoa, donoa donoa donoa, na jogoo anageuza shingo kama balozi wa nyumba kumi. Nilicheka mpaka kilemba kikaanguka. Halafu ile mota ikapata moto, ikatoa harufu ya chuma chenye kutu na unyevu, na mimi nikajikuta niko mferejini kwetu, miguu kwenye maji, meno ya mbele sina.

"We Neema," nikamwambia, "hata mimi nilitengeneza ya kwangu."

"Enzi hizo, bibi? Umeme mlitoa wapi?"

"Umeme wa nini? Nilikuwa na mfereji."

Kwetu ni juu ya Tengeru, unapandisha kuelekea mlimani. Maji yalikuwa yanashuka kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wa zamani, inapita kwa huyu, inapita kwa yule, kila nyumba na zamu yake. Wa kwetu ulipita kandokando ya njia ya watu, juu kidogo ya shamba la baba na shamba la kaka yake. Huyo kaka yake ndiye baba yangu mkubwa. Alikuwa mnene, ana sauti, akicheka unamsikia kabla hujamwona. Baba alikuwa mwembamba na mkimya. Mtoto wa baba mkubwa, Elifuraha, alikuwa rika langu, na asubuhi tulikwenda shule pamoja, tunapita katikati ya migomba yao, tunatokea nyuma ya kanisa, tumefika.

Halafu wakagombana. Baba alisema baba mkubwa amesogeza mpaka. Baba mkubwa akasema mpaka uko palepale alipouacha marehemu baba yao, kilichosogea ni macho ya mdogo wake. Nani alisema kweli? Mimi sijui. Nimezeeka na sijui. Ninachojua ni kwamba baba alichukua miche ya sale, ule mmea wa majani marefu magumu tunaoupanda mipakani, akaupanda mpaka wote upya. Alipofika kwenye ile njia yetu ya shule hakuiruka. Alipanda hadi katikati ya njia.

"Mtoto wangu asikanyage kule," akasema.

Njia nyingine ya shule ilikuwa ya korongoni, na mto wa kule ukijaa haukuulizi wewe ni mtoto wa nani. Mama akasema mtoto wa kike peke yake hapiti huko. Baba akasema basi akae. Nikakaa. Ndivyo nilivyoacha shule, hakuna aliyenifukuza wala sikufeli, nilizibiwa na majani. Asubuhi nilikuwa namsikia Elifuraha akipita ng'ambo ya yale masale, anaimba nyimbo za darasani kwa sauti kubwa ili nisikie. Nikawa namjibu kutoka huku. Baba akitokea, ninanyamaza, ninajifanya naita kuku.

Sasa mtoto hana shule, afanye nini? Nikapewa kazi ya kulinda maji. Unakaa mferejini, unaangalia, zamu yetu ikifika unakimbia kumwita mama aje afungue yaingie shambani. Ni kazi ya kukaa tu. Na mikono ya mtoto haikai.

Nilianza na debe bovu la mafuta. Nikalikata vipande vipande kwa panga, mama alinigombeza panga lilivyobutuka, nikavichomeka vile vipande kuzunguka kipande cha mgomba, nikapitisha fimbo katikati, nikaulaza mtambo wangu juu ya panda mbili. Ukazunguka! Baada ya siku chache mgomba ukaoza. Nikaanza tena na kipande cha mti. Maji niliyaleta kwa mwanzi uliopasuliwa, yanatoka mferejini, yanapiga gurudumu, yanarudi mferejini kwake, hayapotei hata tone. Wazee wa mfereji walikuwa wakali kwa maji kuliko kwa wake zao.

Gurudumu likizunguka peke yake unalichoka. Nikataka watu. Nikachukua magunzi ya mahindi, nikayavika vitambaa. Siri yote iko kwenye vijiti: ile fimbo ya katikati unaitoboa, unachomeka vijiti, fimbo ikizunguka kijiti kinakuja kinakandamiza mkia wa mdoli, ile ncha ya nyuma ya mkono wake, mdoli ananyanyua mkono, kijiti kikipita mkono unashuka. Sikufundishwa na mtu. Nilimwangalia mama akitwanga, mchi unapanda, mchi unashuka, nikaona basi, hapo pote pamejaa mitambo.

Kwa hiyo wa kwanza kumtengeneza alikuwa mama, anatwanga. Wa pili ng'ombe wetu, anaitikia kwa kichwa. Wa tatu baba. Huyu nilimvika kipande cha koti lake la zamani la kaki, lile lililokuwa na kiraka chekundu mgongoni, na kijiji kizima kililijua lile koti. Nikampa jembe la kijiti. Jembe likawa zito, mkono unakwama. Nikampa jani la mgomba, likachanika kwa maji. Nikatazama huku na huku, nikaona masale ya baba yamesimama pale mpakani, magumu, hayachaniki, hayanyauki. Nikachuma jani moja dogo nikamfunga mkononi. Likakaa vizuri kabisa. Na nikaona ndiyo sawa, si ndiye mwenye masale? Msimu ule wote baba alikuwa hatoki na kitu kingine mkononi.

Mdomo wa mwanzi niliuziba kwa kifuniko cha kopo, nikakifunga kamba ya mgomba, kamba nikaiacha inaning'inia upande wa njia. Anayetaka kuona anavuta, maji yanaingia, mama anatwanga, ng'ombe anaitikia, baba ananyoosha jani. Ukiachia, kimya. Akina mama waliokuwa wakishuka na ndizi kwenda soko la Tengeru wakawa wanatua mizigo. "Hebu vuta, shoga, tuone." Wanacheka, wananiachia ndizi, wanaenda zao. Lakini wengine walikuwa wakifika kwa baba wanaacha kucheka, wanatazamana. Mimi nikadhani nimemkosea sura.

Siku moja nimekaa nyuma ya migomba nakula zile ndizi, nikamwona baba mkubwa anakuja na jembe begani. Nikajificha, maana tulikatazwa hata kumwamkia. Akasimama kwenye mtambo wangu. Akatazama nyuma, akatazama mbele, kama mtu anayetaka kuchuma kisicho chake. Akavuta kamba.

Mama akatwanga. Ng'ombe akaitikia. Baba, na koti lake la kiraka, akanyanyua mkono akamnyooshea jani.

Baba mkubwa akaachia kamba. Akavuta tena. Baba akamnyooshea tena. Yule mzee akavua kofia. Halafu akainama, akalifungua lile jani mkononi mwa mdoli, polepole, kama unavyomtoa mtoto kitu akiwa amelala, akalitia mfukoni mwa koti akaondoka.

Mimi nikakasirika! Mtu mzima, mwenye masale shamba zima, anakuja kuiba jani langu. Nikakimbia nyumbani.

"Mama! Baba mkubwa ni mwizi! Ameiba jani la baba!"

Mama alikuwa anatwanga kweli sasa. "Jani gani?"

"La sale. La mdoli."

Mchi ukasimama hewani. "Nani alimpa mdoli sale?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Halichaniki."

Mama akakaa chini hapohapo kwenye makapi, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, sikujua kama analia ama anacheka. Halafu akaniambia lile jambo ambalo kila mtu mzima alilijua na mimi bado. Kwetu mlimani, mtu akikuletea jani la sale amekuomba msamaha. Na jani halikataliwi. Hata kama alikuulia ng'ombe, ukiletewa jani unapokea, mambo yamekwisha. Ukilikataa, ama ukilifanyia mzaha, umejitafutia laana wewe na watoto wako.

"Sasa baba ameomba msamaha?" nikauliza.

"Wewe ndiye umemwombea," mama akasema. "Na hana habari. Nyamaza kabisa, mwanangu. Kaa kimya kama jiwe la jikoni."

Jua bado liko juu kidogo, tukaona baba mkubwa anaingia uani kwetu na mkewe. Mke amebeba kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Mume amebeba jani langu mbele ya kifua kwa mikono miwili, kama mshumaa. Baba alikuwa ananoa panga. Akasimama nalo.

"Nani amekuita hapa?"

"Wewe," akasema baba mkubwa.

"Mimi?"

"Wewe, mdogo wangu. Nimepokea. Wala sina neno lingine, nimepokea."

"Umepokea nini?"

Akamwonyesha jani. Baba akalitazama lile jani, akatazama mkono wa kaka yake, akafungua mdomo, na mimi nikajua sasa anasema sikutuma, na akisema tumekwisha. Mama akamkata.

"Baba Eliwaza," akasema, taratibu kabisa, "shemeji amekuja na jani mkononi. Mtu mwenye jani anasimamishwa uani?"

Eliwaza ndiye mimi. Baba akamtazama mama, akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu, labda aliona lile jiwe la jikoni. Akafunga mdomo. Akaweka panga chini. Akaenda ndani akatoka na kiti, akakiweka chini kwa nguvu kiasi kwamba mguu mmoja uliingia ardhini. Wakanywa mbege. Baba mkubwa aliongea, baba alikunywa. Wageni walipoondoka baba alisema neno moja tu, "Midoli." Akaenda kulala.

Lakini masale ya njiani hakuyang'oa. Asubuhi nilikwenda kuangalia, yako palepale. Alimpa kaka yake kiti, hakumpa njia. Elifuraha akapita ng'ambo akiimba, mimi nikabaki huku.

Na baba mkubwa naye hakujua kuishia. Nilipoweka jani jipya, kesho yake alikuja tena akavuta kamba, akapaza sauti ya kufika Usa River: "Ahsante, mdogo wangu! Nimeona, umeniomba tena!" Baba yuko kwenye kahawa pale chini, anasikia. Jioni akirudi, tena: "Yamekwisha, ndugu yangu, usijichoshe!" Ikawa ndiyo habari. Wanaokwenda soko, wanaotoka soko, wanaoleta mahindi mashineni, wote wanavuta. "Twendeni tukamwone Baba Eliwaza anavyoomba." Hata watoto wadogo wasiofika kamba walikuwa wananyanyuliwa. Baba aliombeshwa msamaha na watu ambao hakuwakosea kitu.

"Mzee huyu ataniua," akamwambia mama.

"Kavunje basi," mama akasema.

"Kuna jani pale. Nivunje jani?"

Siku moja mchana akachukua panga akapanda mferejini. Nikamfuata nalia mapema kabisa, nilie kabla ili yakitokea niwe nimeshamaliza. Hakugusa kitu. Akasimama akautazama mtambo wangu, akavuta kamba mwenyewe. Akajiona ananyoosha mkono. Akaachia. Akaenda kwenye mringaringa, akakata tawi, akakaa chini akaanza kuchonga.

Alichonga tumbo kwanza. Halafu mashavu. Halafu sikio moja lenye pengo, maana baba mkubwa aling'atwa na mbwa utotoni na baba alikuwepo. Yangu yalikuwa magunzi yaliyovaa matambara, lakini yule wa baba alikuwa mtu. Ungemwona ungesema anataka kuongea. Akamweka upande wa pili wa fimbo, uso kwa uso na baba wa gunzi, akamfunga jani la sale.

Halafu akakwama. Mdoli wake ananyanyua mkono wakati yule wangu ameshashusha. Akageuza, akatoboa, akakosea tena. Akakuna kichwa.

"We Eliwaza. Kijiti chako umekipangaje?"

Baba yangu alikuwa hajawahi kuniuliza kitu. Kunituma, ndiyo. Kuniuliza, hapana. Nikamwonyesha: vijiti viwili vikae kwenye mstari mmoja, kimoja huku kimoja kule. Akafanya. Tukavuta. Mikono yote miwili ikanyanyuka pamoja, majani yakagongana katikati, pa! Na tena, pa! Baba akatoa sauti puani. Ndiyo kicheko chake kile.

Baba mkubwa alipopita jioni tulikuwa bado tumekaa. Akashika kamba huku anajiandaa kwa maneno yake. Akavuta. Pa. Akainama, akatazama.

"Huyu mwenye tumbo ni nani?"

"Simjui," baba akasema. "Lakini naona anaomba msamaha."

"Kwani amekosa nini?"

"Muulize mwenyewe."

Baba mkubwa akavuta tena. Pa. Akashika sikio lake. Akavuta tena. Halafu akaanza kucheka, unajua watu wanene wanavyocheka, inaanzia chini. Baba naye puani, puani, mpaka ikamshinda ikatoka mdomoni, akakohoa, akashika mti. Wazee wazima wawili, wanalengwa na machozi kwa ajili ya gunzi na kipande cha mringaringa. Kesho yake asubuhi waling'oa masale ya njiani, wote wawili, kila mmoja anamwambia mwenzake anashika jembe vibaya. Ya mpakani waliyaacha. Nani alisogeza nani hakusogeza hawakuliongea tena, na wamekufa nalo.

Mimi nikarudi shule. Elifuraha alikuwa ameshasogea mbele, mimi nikakaa na wadogo, magoti yanagonga dawati. Nilifika la tatu nikaona inatosha. Kusoma najua, polepole. Mtambo wetu ulikaa mpaka masika makubwa, mfereji ukavunja kingo ukaubeba wote, tukaokota gurudumu tu, limenasa kwenye kahawa. Siku hizi maji ni ya bomba na mfereji umejaa nyasi.

Neema alisikiliza yote hayo amekaa sakafuni, mkononi ana kuku wa boksi. Vijana wa siku hizi unadhani hawasikii, kumbe.

"Na mama yako, bibi?"

"Mama yangu nini?"

"Kwenye mtambo. Aliendelea kutwanga?"

Nikacheka, maana nilikuwa nimelisahau. Ile jioni ya vicheko mama alipanda kutuita tukale, akakuta wanaume wanavuta kamba, majani yanapiga pa, na pembeni yeye yuko palepale, mchi juu, mchi chini. Akatazama weee. Akasema, "Mmepatana nyote. Mimi bado natwanga." Halafu akageuka akashuka kupakua chakula. Sisi tukaona utani, tukacheka zaidi. Sikumbadilisha. Alitwanga mpaka mafuriko yalipomchukua.

Neema hakucheka. Aliwageuzageuza wale kuku, akachungulia mota kwa chini kama daktari, akasema:

"Bibi, feni nyingine nimeiona kwa fundi. Nitautengeneza wote, na majani, na sikio lenye pengo. Ila mama yako nitamkalisha. Nakuahidi. Ukibonyeza, wote watafanya kazi, yeye atakuwa amekaa anakula."